Kifaa Kilicholala Gizani

Pale Bodi ya Madaraja ya Majengo kila mtu alijua kwamba ukitaka kazi imalizike haraka, usimpe Kobe. Ukitaka imalizike mara moja na isirudiwe, mpe yeye. Jina hilo alibandikwa na madereva kwa ajili ya mwendo wake na shingo yake ndefu iliyochomoza kwenye koti lililomzidi mwili, naye hakulikataa. Kabla ya kustaafu alikuwa polisi wa upelelezi kwa miaka ishirini na minane. Wenzake wa zamani walimcheka walipomwona amekuja huku. Ametoka kufukuza wezi, walisema, sasa anafukuza joto.

Asubuhi ile joto lenyewe lilikuwa mezani kwake, ndani ya bahasha ya kaki.

"Fungua, mzee wangu," Mkurugenzi alisema. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, tena machache hayo aliyapima. "Kisha niambie unaona nini. Mimi nimeshaona, lakini sitaki uone kwa macho yangu."

Kobe alitoa vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa kifaa cheupe, ukubwa wa kiberiti, chenye kijitundu cha kioo na karatasi ndogo iliyoandikwa MALI YA BODI. TAFADHALI ITUNZWE. Cha pili ni kitambaa cha mkononi, cheupe, kimetariziwa ukingo mzima kwa uzi wa kijani. Cha tatu ni karatasi ndefu ya mchoro, imekunjwa mara nne.

Kazi ya kifaa kile aliijua. Hubandikwa siku saba kwenye chumba chenye joto kali kuliko vyote jengoni. Hupewa saa mbili za kukizoea chumba, kisha huandika joto na mwanga kila dakika, na siku ya saba ikitimia hujizima chenyewe. Yale maandishi yakiunganishwa na bili za umeme, jengo hupewa daraja, kuanzia la kwanza hadi la saba, na cheti hutundikwa getini kila mpita njia akione. Daraja la tano na chini yake, mwenye jengo hulazimika kurekebisha paa na madirisha ndani ya mwaka mmoja. Maana paa likiwa jiko, watu huwasha feni na viyoyozi kutwa kucha, na umeme huo unatoka kwenye mitambo ya mafuta nje ya mji, inayofuka moshi hata siku ya mapumziko. Moshi ule hauchagui mwenye feni na asiye na feni.

Akakunjua mchoro. Mstari wa joto ulikuwa umelala, kati ya nyuzi ishirini na sita na ishirini na nane, wiki nzima. Mstari wa mwanga ulikuwa chini kabisa, kwenye sifuri.

"Giza," alisema.

"Siku saba. Na kifaa eti kilibandikwa ukutani, chumba cha mbele, upande wa magharibi, ghorofa ya nne." Mkurugenzi alikunja mikono. "Mimi sijaona ukuta usiopambazukiwa. Jengo lile limepewa daraja la pili, mzee wangu. La pili! Juzi fundi cherehani anayekaa ghorofa hiyohiyo ametuletea barua. Anasema anachemka. Ndipo nikaitisha mchoro."

Kobe alikinusa kitambaa. Kilikuwa na harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu kabatini.

"Hapo sasa," Mkurugenzi alisema. "Kabati la nyumbani kwa Mpimaji. Alikifunga kwa kitambaa, akakitia kabatini, akangoja wiki iishe, akaandika alichotaka mwenye jengo. Kamati inakaa kesho saa tatu asubuhi. Ikithibitika, leseni yake inafutwa maisha, na vyeti mia na kumi na viwili alivyowahi kutoa vinafutwa navyo. Nataka taarifa yako leo kabla ya saa kumi na moja."

Kobe alikuwa bado ameinama juu ya karatasi. Kwenye ule mstari wa giza kulikuwa na vimiiba viwili vya mwanga, vidogo hata ungedhani ni uchafu wa mashine. Siku ya Jumatano. Cha kwanza saa nne na dakika kumi na nne, cha pili saa nne na dakika hamsini na mbili. Kila kimoja kilidumu dakika moja tu.

"Na hivi?"

"Alifungua kabati achukue kitu. Kalamu, sijui."

"Mara mbili?"

"Kalamu si hurudishwa."

Kobe akaandika neno hilo kwenye daftari lake. Alikuwa na tabia ya kuandika hata utani, kwa sababu katika kazi yake utani ndio uliosahaulika upesi.

*

Mpimaji alikuwa akimngoja kwenye chumba kidogo cha mafaili, mikono juu ya magoti. Alikuwa mama wa makamo, viatu vyake vimelika visigino kwa kupanda ngazi za watu. Miaka tisa alikuwa akipima majengo na hakuna aliyewahi kumlalamikia. Watoto wake wawili walikuwa wamesoma kwa leseni ile, na mdogo alikuwa bado anasoma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kifaa ulikibandika wapi?"

"Kwa Bibi mmoja, ghorofa ya nne. Ukuta wa magharibi, kimo cha kifua changu, hatua tatu kutoka dirishani. Jumatatu asubuhi."

"Jumatano ulirudi?"

"Nilirudi. Kanuni inataka tukague katikati ya wiki. Fomu hiyo hapo, saa nne na robo mpaka saa tano kasoro."

Kobe aliitazama fomu. Saa nne na robo. Miiba ile miwili iliingia humo kama ufunguo kwenye kufuli lake, lakini hakufurahi. Saa kulingana ni ushahidi wenye ncha mbili. Mtu aliyebeba kifaa mkobani angeweza kuufungua mkoba saa hiyohiyo, akajaza fomu, akaufunga. Mwanga ungeingia vilevile.

"Ulikiona kifaa?"

Mpimaji alishusha macho. "Fomu nimeisaini, mzee."

Kobe akaandika: *Hajajibu.*

"Kitambaa hiki ni cha nani?"

"Kilikuja na kifaa. Jumatatu ya pili nilipofika kukichukua, Bibi alinikabidhi mlangoni, kimefungwa hivyohivyo. Nilidhani amekifunga ili kisipate vumbi."

"Na huu mstari uliolala, haukukushangaza?"

"Ulinishangaza." Sasa alimtazama usoni. "Lakini Msimamizi wa jengo alikuwa ameniambia wamepaka paa chokaa. Nikapanda mwenyewe, nikaona paa jeupe linaumiza macho. Nikasema, kumbe chokaa imefanya kazi! Mzee, sisi kila siku tunawahubiria watu, pakeni paa nyeupe, pakeni paa nyeupe, wanatuona kama wendawazimu. Siku ukimpata mmoja aliyekusikia, unafurahi mpaka unaacha kuuliza maswali."

Maneno hayo yalimgusa Kobe, na kwa kuwa yalimgusa aliyatilia shaka. Katika miaka ile ishirini na minane alishaguswa na waongo wengi.

*

Jengo lilikuwa la ghorofa nne, refu na jembamba, madirisha yake yote yakitazama magharibi kama watu waliongoja basi. Cheti kilining'inia getini ndani ya fremu ya kioo. DARAJA LA PILI. Msimamizi alikuja mbio na kishada cha funguo, jasho likimtiririka kabla hajaulizwa lolote.

"Mzee, nikuambie ukweli wa Mungu. Yule mama sikumpa kitu. Hata soda sikumpa."

"Nani amekuuliza habari za soda?"

"Najua mnakokwenda."

"Mimi nakwenda kwenye paa," Kobe alisema. "Tangulia."

Walipanda taratibu, kwa mwendo wa Kobe, na Msimamizi aliyekuwa mbele ilibidi asimame kila baada ya ngazi kumi kumngoja. Juu walisukuma mlango wa chuma. Paa lilikuwa la zege, rangi ya majivu. Weupe ulibaki pembeni tu, chini ya tangi la maji, na kwenye mianya ambako mvua ilikuwa imeukusanya kama uji uliokauka.

"Chokaa iko wapi?"

Msimamizi alijikuna. "Ilinyesha."

"Mliipaka lini?"

"Siku moja kabla yule mama hajaja. Ndoo mbili. Mwenye jengo alisema tujitahidi kidogo, wageni wanakuja. Mvua ya kwanza ikaondoka nayo." Akaongeza haraka, "Lakini kupaka chokaa si kosa, mzee!"

"Si kosa. Kosa ni kununua ile ya bei ya chini."

Kobe alichuchumaa, akaweka kiganja kwenye zege, akakiondoa upesi. Hata hivyo alijua hapa hakuna kesi. Chokaa ya ndoo mbili ingeweza kupunguza joto siku kadhaa. Isingeweza kuzima jua. Msimamizi alikuwa na woga wa mtu aliyefanya ujanja mdogo na anaogopa kuhukumiwa kwa ujanja mkubwa. Kobe alichora mstari juu ya jina lake daftarini, wakashuka.

Mlango wa kwanza ghorofa ya nne ulikuwa wa fundi cherehani, na ulikuwa wazi kwa sababu kuufunga kungekuwa kujiua. Fundi alikuwa amejitundika taulo lililolowa shingoni. Feni mbili zilimpepea, moja mbele, moja nyuma, zote zikisukuma hewa ileile ya moto.

"Karibu, mzee. Karibu daraja la pili," alisema bila kuacha kukanyaga mashine. "Sijui mlihesabu kuanzia wapi. Labda kuanzia motoni."

Kobe alitoa mfukoni kipimajoto chake mwenyewe, akakiweka juu ya kitambaa cha suti, akangoja. Nyuzi thelathini na sita.

"Feni zinafanya kazi saa ngapi kwa siku?"

"Zinapumzika nikilala, na mimi silali." Akaukata uzi kwa meno. "Bili yangu ya umeme inaizidi kodi ya mtu wa chini. Nilisubiri nyinyi mje kama mgonjwa anavyosubiri daktari. Mkaja, mkaandika hana homa. Sina ugomvi na yule mama, mzee, naambiwa anataka kupoteza kazi na roho inaniuma. Lakini kama cheti kinasema hakuna joto, je, mimi natokwa na jasho la uongo?"

"Jumatano ile ulimwona?"

"Mimi nikishona simwoni mtu. Naona shati."

*

Mlango uliofuata ulikuwa wa Bibi. Alikuwa amevuka miaka themanini, mwembamba, msafi, amenyooka. Kobe alivua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, kaa. Hapo hapana, hapo pana jua. Kaa hapa."

"Nina maswali machache tu, mama. Sitakaa sana."

"Maswali yana miguu? Yatakimbia? Kaa kwanza."

Akakaa. Chumba cha mbele kilikuwa cha moto kama cha fundi, ila kilikuwa kimefagiliwa mpaka sakafu inang'aa. Kobe alitembeza macho ukutani, upande wa magharibi, kimo cha kifua cha mwanamke. Palikuwa na alama nne ndogo za gundi ya utepe, na rangi imebanduka kidogo. Basi kifaa kilibandikwa hapa kweli. Lakini kwa dakika ngapi? Mtu anaweza kubandika, akabandua akiwa anaondoka, akakitia mkobani. Alama hazisemi saa.

Bibi alikuwa ameingia kwenye ujia wa ndani, ule usio na dirisha, unaoelekea bafuni. Kobe alisikia ufunguo ukizungushwa, mbao zikilia, kisha ufunguo tena. Halafu ikamfikia ile harufu. Vidonge vyeupe.

Mkono wake ulienda wenyewe kwenye saa. Saa nane na dakika tisa.

Bibi alirudi na sinia. Juu yake palikuwa na kikombe kimoja, cheupe, chenye maua ya bluu na ukingo wa dhahabu. Mpini wake uliwahi kukatika ukaunganishwa kwa gundi, na mstari wa gundi ulionekana.

"Kishike kwa adabu," alisema. "Ni mzee kuliko wewe."

Chai ilikuwa ya moto na chumba cha moto, na Kobe akanywa yote. Aliuliza habari za Mpimaji. Naam, alikuja, mtoto mwenye heshima. Siku gani? Mara ya kwanza alibandika kile kidude akaondoka mbio, hata maji hakunywa, akasema mama nitakuja katikati ya wiki nikae. Akaja, akakaa. Ilikuwa Jumatano? Jumanne au Jumatano, mwanangu, siku zangu zote zina sura moja. Kobe aliliandika jibu hilo huku akijua kamati italitupa. Mzee anayechanganya siku hamwokoi mtu.

Alipokiweka chini kikombe, Bibi alikichukua hapohapo. Maji yakamwagika jikoni, kitambaa kikafuta, ufunguo ukalia kwenye ujia, mbao zikalia, ufunguo tena.

"Mama, ungeweza kukiacha, ukakirudisha baadaye."

"Kikombe cha mgeni hakilali nje," Bibi alijibu kutoka gizani.

Kobe alitazama saa yake. Akafungua daftari ukurasa wa asubuhi, akaisoma ile sentensi ya utani aliyoiandika ofisini. *Kalamu si hurudishwa.* Akaipigia mstari chini. Akainuka.

"Mama, nitakuomba jambo la utovu wa adabu. Naomba unifungulie hilo kabati."

Bibi alisimama mlangoni mwa ujia, ufunguo mkononi. "Marehemu mume wangu hakuwahi kuniomba hivyo."

"Najua, mama. Na mimi nisingeomba, isingekuwa riziki ya mtu."

Lilikuwa kabati la mbao nzito, milango miwili isiyo na kioo, limeegemea ukuta wa bafuni wenye ubaridi. Bibi alifungua. Vikombe vilikaa rafu ya juu, kila kimoja juu ya kisahani chake. Rafu ya chini kulikuwa na vitambaa vya mkononi, vyeupe, vimekunjwa na kupangwa, kila kimoja kimetariziwa ukingo kwa uzi wa kijani. Juu ya kile cha kwanza palikuwa na kishimo kidogo, cha ukubwa wa kiberiti.

"Hapa palilala nini, mama?"

"Si kile kidude chenu," Bibi alisema, akishangaa kuulizwa. "Yule mtoto alipotoka tu nilikiona pale ukutani panapounguzwa na jua kila jioni, kinapepesa kijicho chake chekundu kama mtu mwenye usingizi. Nikavaa miwani nikasoma. Kimeandikwa mali ya Bodi, itunzwe. Mwanangu, mimi amana ya mtu niiache juani wiki nzima, inywe vumbi? Nikakibandua pole pole, nikakilaza mahali pazuri kuliko pote ndani ya nyumba hii. Hakikuguswa. Siku ya kuchukuliwa nikakifunga vizuri, nikamkabidhi mwenyewe."

Kobe aliweka kipimajoto chake kwenye kile kishimo, akaomba milango ifungwe, akahesabu dakika kumi kwa saa yake. Kilipotoka kilisoma nyuzi ishirini na saba. Hatua saba kutoka pale, katika chumba cha mbele, zilikuwa thelathini na tano.

"Kwani kuna tatizo?" Bibi aliuliza.

Kobe hakuwa hodari wa kupamba maneno. Alimweleza yote, kifaa kilikuwa kinapima nini, mchoro ulisema nini, kamati inakaa lini, na leseni ya nani iko mezani. Bibi alikaa kwenye kigoda polepole.

"Kwa hiyo mkono uliomvunjia mwenzangu riziki ni huu?"

"Mkono ulikuwa na nia njema, mama."

"Nia njema haipeleki watoto shule," Bibi alisema, na machozi yakamlenga.

Kobe alitoa simu, akampigia Mpimaji, akaweka sauti ya juu ili Bibi asikie.

"Usinijibu haraka. Wiki ile kwa Bibi, ulikunywa nini?"

"Chai." Sauti ilisita. "Jumatano. Jumatatu sikupata nafasi."

"Katika chombo gani?"

"Kikombe. Cheupe, maua ya bluu. Mpini una gundi, mzee, nilikishika kwa mikono miwili nikiogopa kitanikatikia."

"Ulipomaliza, kilikwenda wapi?"

"Alikichukua palepale. Nilisikia ufunguo."

Bibi alifumba macho. Kobe naye alishusha pumzi, kwa sababu mkoba hauna vikombe. Mwiba wa kwanza ulikuwa kikombe kikitoka, wa pili kikombe kikirudi, na kifaa kilichomshtaki yule mama ndicho kilichokuwa kimelala rafu ya chini, kikiandika dakika aliyokaribishwa na dakika aliyoagwa.

Lakini lilibaki swali moja, na asingekuwa Kobe kama angeliacha.

"Kifaa ulikiona?"

Fundi alisikika ng'ambo ya ukuta akikanyaga mashine.

"Sikukiona," Mpimaji alisema hatimaye. "Ukuta ulikuwa mtupu, nikajua amekihamisha. Nikamwuliza, mama, kifaa kizima? Akaniambia kizima, kimetulia, hakuna mkono uliokigusa. Ningesema nini, mzee? Mtu mzima, amenipa kikombe chake kizuri, nimwambie sikuamini, nionyeshe? Nikanywa chai. Nilipofika nje nikasaini kwamba nimekagua. Hilo nimelifanya. Kughushi sijaghushi."

"Nimekusikia," Kobe alisema, akakata simu.

*

Aliomba ruhusa aandike taarifa palepale, Bibi akampa meza. Ilikuwa saa tisa na nusu. Aliandika kwa mwandiko wake wa kituoni, herufi kubwa zisizokimbilia popote. Kwamba kifaa hakikuwahi kutoka nje ya nyumba ile, kilitunzwa na mkaazi wake bila kujua madhara. Kwamba Mpimaji alifika Jumatano, na saa zimethibitika. Kwamba daraja la pili lifutwe leo, cheti kishushwe getini, jengo lipimwe upya, na kwa vipimo vya awali halitapanda juu ya la sita. Fundi cherehani angepata paa lake. Kisha akaandika la mwisho: kwamba Mpimaji alisaini ukaguzi asioufanya, na kwa uzembe huo mtu mmoja alichemka na jengo zima lilihesabiwa safi wakati linanyonya umeme. *Napendekeza asimamishwe mwaka mmoja.*

Ilikuwa haki. Mwaka mmoja si maisha. Mtoto mdogo angekosa shule mwaka mmoja, akaendelea.

Bibi alikuwa akimtazama akiandika. "Hicho kidude kiliandika kila mlango ulipofunguka?"

"Kila ulipofunguka, mama."

"Wiki nzima ulifunguka mara ngapi?"

"Mara mbili."

Bibi alihesabu kwa vidole, kutoa, kurudisha. "Basi mgeni mmoja," alisema, akageuza uso dirishani.

Kobe akarudi kwenye karatasi yake kama mtu anayejificha. Taarifa nzuri hueleza mahali penyewe, kwa hiyo aliongeza mstari wa maelezo ya kabati: mbao nzito, milango miwili, rafu mbili.

"Vikombe ni vingapi, mama?"

"Sita. Nilizawadiwa siku ya harusi."

Akaandika: *vikombe sita vya maua ya bluu.* Akaweka nukta. Chini kabisa, kwenye fomu ya Bodi, paliandikwa kama panavyoandikwa kwenye kila fomu: *Nathibitisha kwamba haya nimeyaona kwa macho yangu.* Kobe akashusha kalamu asaini, na kalamu ikagoma hewani.

Alisimama. Magoti yakalia.

"Mama, nisamehe. Naomba ufungue tena."

Bibi alifungua. Kobe alihesabu kwa kidole, kutoka kushoto. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisahani cha sita kilikuwa peke yake, kikavu, hakina kitu juu yake.

"Kile alikivunja marehemu," Bibi alisema taratibu. "Mwaka wa pili wa ndoa. Lakini seti ni ya sita, mwanangu. Nimezoea kusema sita."

Kobe alirudi mezani. Alikata *sita*, akaandika *vitano*. Alikaa akilitazama lile neno lililokatwa, yeye aliyepeleleza miaka ishirini na minane na kuliona kabati likiwa wazi mbele ya pua yake, akaandika alichoambiwa na mama aliyempa chai.

Kisha akapandisha kalamu mistari mitatu juu, akakata *asimamishwe mwaka mmoja*. Juu yake aliandika: *apewe onyo, na jengo hili alirudie yeye mwenyewe.* Akasaini.

"Atakuja lini?" Bibi aliuliza.

"Jumatatu atabandika. Jumatano atarudi."

"Mwambie kidude sitakigusa, hata kikiungua," Bibi alisema, akifunga kabati. "Lakini Jumatano nitatoa kikombe."